Kupeleka maofisa ng'ambo, au kuleta wakufunzi Tanga?

Baraza la Mitihani la Tanzania liliundwa kwa sheria mwaka 1973. Likitaka kushirikiana na mataifa mengine ili kuboresha mitihani yake, njia ni mbili. Kwanza, maofisa wachache waende ng'ambo kusomea upimaji: ugumu wa swali, na namna swali linavyomtenga aliyeelewa na aliyebahatisha. Elimu nzito, ila hukaa ofisini.

Pili, wakufunzi waje Tanga, wakae na walimu wa Ngamiani na Pangani, wachambue karatasi zilizosahihishwa, jibu kwa jibu. Hapo mwalimu ataona mwenyewe kwa nini chaguo B limewavuta watoto wengi kuliko jibu sahihi; pengine lugha ya swali ndiyo iliyowapoteza, wala si hesabu. Nachagua hii, hata ikichukua miaka.