Betri ya lithiamu, nati moja, na yule jamaa wa kaunta

Nimekaa na hii kitu kifuani wiki kadhaa nikisema itapoa na haijapoa, kwa hivyo wacha niiandike.

Mimi naangua vifaranga hapa Utawala, Nairobi. Watu wa mtaa wananiita Mama Vifaranga, wananiletea mayai yao ya kienyeji naweka kwa inkyubeta, siku 21 zikiisha wanakuja na maboksi yao kuchukua. Na stima ya huku mnaijua, mvua ikianza tu imeenda, transfoma ikilipuka mnaweza kaa giza siku mbili. Ndio maana nilichukua mkopo wa chama nikanunua sola na betri ya lithiamu, ile ya kufungwa ukutani yenye seli 16 ndani, yaani betri ndogo 16 zimeunganishwa, kwa duka moja huko town karibu na barabara ya Luthuli. Jina silitaji. Miezi ya kwanza nilikuwa nawapigia debe kila mahali, kanisani, kwa chama, kwa agrovet, nikiambia watu betri ni hii. Hiyo ndio inaniuma zaidi, kuna watu wawili walinunua juu yangu.

Sasa ile baridi ya katikati ya mwaka ikaingia, betri ikaanza tabia. Mchana inaacha kuchaji ikiwa imefika asilimia themanini na kitu, invata, ile mashine inayogeuza umeme wa betri uwe wa nyumba, inapiga kelele, halafu inarudi, halafu inaacha tena. Nikapiga simu kastoma kea, wakaniambia ni baridi mama, jua hakuna, ngoja. Sikatai, Nairobi Julai unaweza maliza wiki hujaona jua. Nikangoja.

Halafu ikaja ile usiku. Stima ilikuwa imepotea tangu jioni, mayai 264 yako ndani, siku ya 19, yaani kifaranga yuko karibu kugonga ganda. Nililala nikiwa nimeangalia simu, apu inasema betri iko 41%. Nikajua asubuhi inafika. Saa kumi nikaamshwa na kimya. Inkyubeta iko na feni, ukiizoea unalala na huo mlio, ukinyamaza unaamka. Giza totoro. Nikaweka mkono ndani nikapata mayai yamepoa kama yametoka dukani.

Nilichemsha maji kwa gesi nikajaza chupa za soda nikazipanga katikati ya trei, nikafunika na blanketi ya mtoto, nikakaa hapo chini na tochi nikimulika yai moja moja. Ukimulika yai la siku hiyo unaona kivuli cheusi na pale juu penye hewa unaona kitu kinachezacheza. Nilimulika trei nzima ya kwanza nikaona mawili tu yanacheza. Walianguliwa 58. Kati ya 264. Na hayo mayai mengi si yangu.

Kabla stima irudi nikafungua ile apu ya Bluetooth inayoonyesha seli moja moja, nikapiga skrinishoti. Seli kumi na tano zote ziko volti 3.2 na kitu. Ya kumi na moja iko 2.51, yaani karibu tupu. Mimi si fundi lakini macho ninayo.

Nikaenda town na hiyo skrinishoti. Pale kaunta kuna jamaa, kijana tu, anachokora meno. Nikamsalimia, nikamwambia mwanangu betri yenu imeniulia vifaranga, hebu angalia hii seli ya kumi na moja. Hakuchukua simu. Hakuangalia hata. Akaniambia, "Mama, lithiamu haiharibiki hivyo, nyinyi mnaweka mzigo mwingi halafu mnakuja kulalamika." Nikamwambia mzigo ni inkyubeta na friji, na apu ilikuwa imeandika 41%. Akageukia mwenzake akasema, huyu naye amesoma apu amekuwa injinia, wakacheka. Mbele ya wateja. Mtu nina umri wa mama yake! Nikauliza waranti, akasema fundi kuja kwangu ni 5,000 kwanza, hairudishwi, na nikifungua sili mwenyewe waranti imekufa. Pesa ya kununua walikuwa wananipigia simu kila siku kuulizia, leo niko na shida hata kiti sipewi.

Nilitoka pale natetemeka. Matatu yote hadi Utawala sikusikia hata muziki.

Kuna kijana hapa mtaani anatengeneza betri za pikipiki za stima, nikamwita. Akaniambia Mama Vifaranga, nikifungua hii sili ujue umepoteza waranti. Nikamwambia fungua, waranti gani.

Na nataka nieleze alichofanya juu nimeona watu wengi wanaambiwa betri imekufa wanunue nyingine. Kwanza hakufungua. Aliangalia apu mchana jua likiwa limetoka inachaji, seli 11 ndio iko juu kuliko zote, 3.6 na kitu, zingine 3.4. Ndio maana ilikuwa inaacha kuchaji, BMS, ile bodi ya ndani inayolinda betri, ikiona seli yoyote imefika 3.65 inafunga. Halafu akazima sola akawasha birika la stima liwe mzigo, ile seli ikaruka ikawa ya chini kabisa, 2.9. Akazima birika, ikapanda tena, ikabaki chini ya zingine kidogo tu. Akasema seli moja haiwezi kuwa ya kwanza kujaa na pia ya kwanza kuisha bila sababu, ama imezeeka uwezo umepungua ama kiungo chake kina shida, na hii inavyorukaruka na birika ni kiungo.

Ndio akafungua. Alivua pete na saa kwanza, akafunga spana na tepu nyeusi akaacha kichwa tu, akasema hii ni volti hamsini lakini ukigusisha chuma pande mbili inachomelea kama mashine ya welding. Akawasha birika tena, akaweka mita juu ya chuma ya seli yenyewe: 3.25. Apu bado inasema 2.9. Seli ni nzima! Zile volti zilikuwa zinapotelea kati ya seli na kile kipande cha shaba kinachoiunganisha na jirani, na waya ya BMS imefungwa juu ya hicho kipande, kwa hivyo inasoma uongo. Akanionyesha nati. Ilikuwa inazunguka na vidole. Chini yake shaba imekuwa ya kahawia na plastiki ya seli imeanza kuyeyuka pembeni. Kuanzia siku ilitoka kiwandani ama siku walinifungia, hakuna mtu aliikaza. Nyumba yangu ingeungua.

Mbaya zaidi ni hii. BMS kazi yake ingine ni kusawazisha, inapunguza umeme kidogo kidogo kutoka kwa seli iliyo juu ili zingine ziifikie. Sasa kila siku ikichaji inaona namba 11 iko juu, kumbe ni nati, inaanza kuinyonya. Miezi! Ndio maana usiku ikawa inaisha kabla ya zingine kweli kweli. Na ile asilimia nayo ni hesabu ya umeme ulioingia na kutoka, betri isipojaa mpaka juu hiyo hesabu inazidi kupotea, ndio nikaona 41% na seli moja iko tupu.

Akasugua shaba na msasa, akabadilisha ile nati, akakaza zote na spana namba kumi, moja moja, bila kuzikaza kupita kiasi juu nyuzi zake ni laini. Halafu akachaji hiyo seli moja peke yake na chaja yake ya kupimia, ameiweka isipite 3.6, ampia kumi, ilichukua zaidi ya masaa mawili. Kesho yake tukaacha jua lijaze yote na ikae hapo juu bila mzigo mkubwa. Jioni tofauti ya seli ya juu na ya chini ikawa volti 0.01. Nilimlipa 2,500, na chai.

Kwa hivyo betri yenyewe, nikisema ukweli wa Mungu, si mbaya. Sai inafanya vizuri kuliko ilivyokuwa mpya. Nilikuwa nimeandika hapa mwanzo msinunue kabisa, nikafuta, nikasema niwe wa haki, mtu aliye na fundi mzuri anaweza nunua.

Lakini nikikumbuka ile kicheko, hapana. Nilirudi na ile nati imeungua nikaiweka kaunta. Yule yule akaiangalia sekunde moja akasema, "Si ulifungua sili." Hata pole hakuna. Nimebadilisha tena, msinunue pale, hata ikiwa bei nzuri hata ikiwa lithiamu ya dhahabu. Na kama uko nayo tayari, fungua apu saa hii ikichaji halafu uiangalie tena na mzigo mkubwa, ukiona seli moja inarukaruka ita mtu wa kukaza nati kabla usiku haujaingia.

Wale wawili walionunua juu yangu nimewapelekea huyo kijana. Kwa mmoja alipata nati mbili zimelegea. Wenye mayai bado nawalipa pole pole, na yule mama wa Ruai amekubali kuniletea mengine, yanaingia Jumatatu.