Nyurofidibaki kwa IBS: tumbo kusokota kumepungua, gesi iko palepale

Nina IBS, yaani utumbo unaosumbua kwa maumivu, gesi na kuhara au kufunga choo. Kwa tumbo linalosokota kila wasiwasi unapopanda, nyurofidibaki, yaani kuufundisha ubongo kwa mashine inayosoma mawimbi yake, imenisaidia. Kwa gesi na tumbo kujaa, hapana. Huko nafuu imetokana na kupunguza vitunguu na maharage, jambo ambalo halihitaji mashine.

Elektrodi moja inabandikwa utosini, sehemu iitwayo Cz, na nyingine mbili zinabanwa kwenye ndewe za masikio. Kompyuta inasoma mawimbi ya ubongo: yale ya 12 hadi 15 Hz (mizunguko kwa sekunde) yakipanda na yale ya 20 hadi 30 Hz yakishuka, video inang'aa au kengele inalia; hiyo ndiyo zawadi yako. Hakuna umeme unaoingizwa kichwani. Mazoezi huchukua kama nusu saa, mara mbili kwa wiki, na kliniki nyingi huuza vifurushi vya vikao 20 hadi 40. Usilipie kifurushi kizima mwanzoni.

Kinachoharibu vikao ni elektrodi kutogusa ngozi vizuri. Ngozi isuguliwe kwa jeli yenye chengachenga, ipakwe pesti inayopitisha umeme, na kipimo cha ukinzani kisome chini ya kiloomu 5 kabla ya kuanza. Ukisuka rasta, mwambie msusi akuachie mstari katikati ya utosi. Pesti ikikaa juu ya nywele, mashine inasoma makelele matupu. Taya nazo zina balaa lake. Ukikaza meno, umeme wa misuli unajichanganya na mawimbi ya kasi, programu inakunyima zawadi, nawe unadhani ubongo umegoma. Mwombe mtaalamu akuoneshe mawimbi ghafi, kisha uma meno kidogo: mistari inanenepa papo hapo. Asiyeweza kukuonesha hilo simlipi.

Kuna pia programu zinazoshusha zenyewe kizingiti, yaani kiwango unachotakiwa kufikia ili upate zawadi, ili mteja afurahi. Zawadi ikija karibu kila sekunde, hakuna unachojifunza; iwe asilimia 60 hadi 70 ya muda.

Nafuu usiipime kwa hisia. Jaza dodoso la IBS-SSS, linalopima ukali wa dalili kwa alama 0 hadi 500, kabla ya kikao cha kwanza, kisha kila baada ya vikao 5 au 6. Kama hadi kikao cha 12 hazijapungua kwa angalau alama 50, mimi ningeacha. Katika kipindi hicho usibadilishe chakula wala dawa, maana hutajua kipi kimekusaidia. Hata dawa bandia, yaani kidonge kisicho na dawa ndani, huwapa nafuu wagonjwa wengi wa IBS. Nashuku sehemu ya faida ni ile nusu saa ya kukaa kimya ukipumua taratibu.

Kama bei zinalingana, ningeanza na tiba ya hipnosisi ya tumbo, ambapo mtaalamu hukutuliza kwa maneno yanayolenga tumbo. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unaitaja kwa wasiopata nafuu baada ya miezi 12 ya dawa, nyurofidibaki haimo. Na mwenye damu kwenye choo, anayekonda bila sababu au anayeamshwa usiku na kuhara, aanzie hospitali.

Ukitoka na kichwa kizito au usingizi ukapotea, omba kikao kijacho kifupishwe, na kizingiti kiangaliwe upya.