Kizuri Hakijiuzi: Bastola za Kununua Ukiwa na Leseni, na Zile Nzuri Zinazosusiwa

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni wazi hawakuwahi kununua bastola. Huku kwenye silaha kuna vyuma vilivyofinyangwa na mafundi hodari wa Ulaya, vinavyolenga shabaha kuliko ulicho nacho kiunoni, na bado vinakaa kabatini miaka na miaka bila mtu kuuliza bei.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Kisumu, Kakamega au Nakuru ambaye tayari amepita Bodi ya Leseni za Silaha na sasa anajiuliza anunue nini. Kama bado hujaidhinishwa, anzia huko kwanza. Sheria ya silaha, Sura ya 114, haina njia ya mkato, na tangu ule uhakiki wa wenye leseni ulioanza Desemba 2018 hakuna anayechukulia karatasi zile kwa wepesi.

Neno moja kabla ya orodha. Sisi wa huku magharibi hatununui bastola peke yake. Tunanunua pia safari ya Nairobi kila spea inapohitajika. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa bastola yoyote si "inapiga vipi?" Nauliza, "magazini ya pili, yaani kasha la risasi, nitaipata wapi?"

Nambari moja: Glock 19, au 17 ukiwa na mkono mkubwa. Najua, hilo ni jibu la kila mtu, na lingenichosha hata mimi kulisoma. Lakini angalia ilikotoka. Gaston Glock alikuwa akitengeneza visu na fito za pazia, hakuwa amewahi kutengeneza bunduki, kisha mwaka 1982 jeshi la Austria likaichukua bastola yake. Glock 17 hubeba risasi 17 na ni nyepesi, kama gramu 630 ikiwa tupu. Ile 19 ya mwaka 1988 ni fupi kidogo, risasi 15, na inafichika vizuri chini ya shati la kuachilia. Mwili wake ni wa plastiki ngumu, na slaidi yake, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila inapopiga, imetiwa dawa ya kuzuia kutu. Mtu anayetembea kutwa Kisumu kwenye joto na unyevu wa ziwa, shati limegandana na mgongo, anaelewa kwa nini ninaitaja kutu kabla ya shabaha. Kasoro: huwezi kuifungua kuisafisha bila kuvuta triga. Toa magazini, kagua chemba, tundu inamokaa risasi, kwa jicho na kwa kidole, halafu kagua tena.

Nambari mbili: CZ 75, ambayo kila Mkenya anaiita Ceska. Jina lenyewe limetokana na kiwanda, Česká zbrojovka, na kwa wengi sasa ni kama jina la bastola yoyote ile. Ilibuniwa na ndugu wawili, František na Josef Koucký, na namba 75 ni mwaka 1975. Slaidi yake hutembea ndani ya mwili badala ya kuukumbatia kwa nje, kwa hiyo inakaa chini mkononi na hairuki sana. Ni chuma kitupu, karibu kilo moja. Nakuru, ambako jioni unavaa jaketi, uzito huo unavumilika. Kisumu mwezi wa Februari, utaisikia kwenye mkanda kila hatua. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya uzito tu. Mafundi wanaijua, na ala za kuibebea zipo.

Nambari tatu ni Browning Hi-Power ya mwaka 1935, risasi 13, ukiipata iliyotunzwa. Inakaa mkononi kama imeumbwa kwa ajili yako, ingawa nyundo yake humng'ata mwenye kiganja kinene. Ya nne ni Beretta 92: imara, laini, lakini kishikio chake ni kinene, na mwenye vidole vifupi atahangaika kuifikia triga.

SIG P226 ningeiweka juu zaidi kama ningekuwa naandikia watu wa Nairobi. Kisa chake ndicho kinachoeleza mada yetu yote. Mwaka 1984 ilishindana na Beretta kuingia jeshi la Marekani, na zote mbili zikafaulu majaribio. Bei ya bastola moja ya SIG ilikuwa hata chini kidogo. Lakini walipojumlisha magazini na spea, hesabu ikapinduka, Beretta ikashinda. Jeshi lenye hazina ile liliangalia bei ya magazini, sembuse wewe na mimi?

Sasa tuje kwa zile nzuri zinazosusiwa. Hapa ndipo watu hupoteza pesa, kwa sababu muuzaji atakushikisha moja mkononi na moyo wako utayeyuka.

Heckler & Koch P7. Nimeipiga, na sijawahi kukosa kidogo namna ile. Mtutu wake umekazwa, hauyumbi kama wa bastola nyingi, na gesi ya risasi yenyewe ndiyo inayochelewesha slaidi. Mbele ya kishikio kuna wenzo: ukiuminya bastola iko tayari, ukiuachilia imelala. Usalama uliobuniwa kwa akili kweli. Basi kwa nini haikuenea? Kwanza, gharama. Ilikuwa kazi nyingi ya mashine, na bei ikafuata. Pili, gesi ile hupasha moto sehemu iliyo juu ya triga; ukimaliza magazini kadhaa kwa haraka, vidole vinaungua. Tatu, na hili ndilo kubwa kwangu, mkono uliozoea P7 unapata shida kwenye bastola nyingine, na uliozoea nyingine unapata shida kwenye P7. Utengenezaji wake ulikoma mwaka 2008. Mzee mmoja wa Milimani, Kisumu, anayo moja, P7M8 ya risasi nane. Amebaki na magazini moja nzima. Ya pili mdomo wake umepinda, na amewahi kuizungusha kwa mafundi watatu. Hataki kuiuza, lakini pia haibebi.

SIG P210 ya Uswisi, iliyoingia jeshini mwaka 1949, ni hadithi ya jinsi hiyo hiyo. Ilikuwa na ule mtindo wa slaidi ya ndani miaka mingi kabla ya kuuona kwa Ceska. Inalenga ajabu. Ila hubeba risasi nane, kitufe cha kutoa magazini kiko chini kabisa ya kishikio, na bei yake ni ya saa ya Kizungu.

Steyr GB ililetwa kushindana kwenye yale majaribio ya jeshi la Austria, ikashindwa na Glock. Ilikuwa bastola ya heshima: risasi 18, mtutu uliokazwa. Kosa lake lilianzia mbali, Marekani, ambako kampuni nyingine ilipewa idhini ya kuitengeneza kwa jina la P-18 na kuifanya ovyo. Jina likaharibika kabla ile halisi haijafika sokoni.

VP70, nayo ya Heckler na Koch, ilikuwa na mwili wa plastiki mwaka 1970, miaka 12 kabla ya Glock. Triga yake ilikuwa nzito kama kuvuta ndoo kisimani. Watu wakaicheka plastiki, na kumbe plastiki haikuwa na hatia.

Halafu Bren Ten. Hii niliisoma nikacheka peke yangu kwenye matatu. Wamarekani wawili, Dornaus na Dixon, walichukua umbo la CZ 75, wakalifanya lipige risasi mpya yenye nguvu ya 10mm, wakaanza kuuza mwaka 1983. Wateja walikuwepo, tena wenye hamu. Bastola nyingi zikawafikia bila magazini. Mtu amelipa, amefungua kisanduku, ana silaha nzuri inayopiga risasi moja moja kama gobore. Kufikia 1986 kampuni ilikuwa imefilisika.

Mimi mwenyewe nilikaribia kuangukia hapo. Muuzaji mmoja Nairobi alinitolea bastola ya Ujerumani, Walther P88, bei ya kutupa, imeng'aa kama kioo. Aina hiyo iliingia sokoni mwaka 1988 na kuondoka ndani ya miaka kumi, kwa sababu ya ughali. Nikamuuliza kuhusu magazini ya pili. Akasema ataagiza. Nikamuuliza kuhusu ala. Akasema nitashonewa na fundi wa viatu. Nikamrudishia, nikachukua Glock 19 iliyokuwa pembeni, na magazini tatu.