Nilikopeleka vigamba vyangu vya foraminifera: nyota nne kati ya tano

Kwa wenzangu wa Mombasa mnaochambua matope ya sakafu ya bahari na kuuliza vigamba vya foraminifera, vile vijidudu vya baharini vya seli moja, vikapimwe wapi oksijeni yake ili kujua joto la bahari ya kale: vyangu nilivipeleka Ujerumani, kwenye maabara ya chuo inayopokea sampuli kwa malipo. Nimeridhika nayo, kasoro jambo moja.

Majibu yalikuja na vipimo vya NBS 19, marumaru ya kulinganishia ambayo thamani yake inajulikana (uwiano wa oksijeni-18 nzito kwa oksijeni-16 nyepesi: −2.20 kwa elfu), iliyopimwa siku ile ile katikati ya vigamba vyangu. Vipimo hivyo vilitofautiana kwa 0.06 tu. Badiliko la 1 kwa elfu katika uwiano huo ni kama nyuzi 4 za joto la bahari, kwa hiyo mashine inaweza kunipotosha kwa robo ya nyuzi hivi. Maabara isiyokuonyesha hayo usiilipe hata senti, maana hutajua nyuzi mbili ulizoziona ni za bahari au za mashine.

Kazi yao ni kutia kigamba asidi ya fosforiki kwenye nyuzi 70, kisha kulinganisha molekuli za kaboni dayoksaidi zenye uzito wa 44, 45 na 46. Kuokota ni kwetu, kwa hadubini na brashi iliyoloweshwa: Globigerinoides ruber weupe, wanaoishi juu juu baharini, mikroni 250 hadi 355, kwani ukubwa ukibadilika na namba hubadilika.

Kilichonifurahisha zaidi ni barua ya fundi wao kabla sijalipa: je, sina Cibicidoides, wale wanaoishi sakafuni mwa bahari? Swali lake lina historia: mwaka 1955 mtafiti Emiliani alilihesabu badiliko la oksijeni la enzi za barafu kuwa ni joto kwa sehemu kubwa. Mtafiti mwingine, Shackleton, mwaka 1967, akaonyesha kuwa sehemu kubwa ni barafu yenyewe: oksijeni-16 huvukizwa kwa wepesi, ikafungiwa barafuni, bahari ikabaki na oksijeni-18 zaidi. Maji ya chini ni baridi tayari, hayana nafasi ya kupoa sana, ndiyo maana vigamba vya huko huonyesha barafu vizuri zaidi. Nikaongeza Cibicidoides ili niitoe sehemu ya barafu kwenye namba za ruber, na sasa ninaweza kuuliza bahari yetu hii ya kusi na kaskazi ilipoa kiasi gani.

Nyota niliyoipunguza ni ya marudio. Namba ikitia shaka, kurudia ni ankara mpya, na kigamba kimeshayeyuka. Gawanyeni sampuli mapema, mbakishe nusu. Na mfungashe kwenye vichupa vya kioo. Kwenye plastiki vigamba hunata kwa umeme tuli, havitoki.