AC ipi ununue Mwanza, na nani aifunge

Ukitenga fedha ya AC, igawe mara mbili kabla hujaingia dukani: ya mashine na ya fundi. Watu wengi mjini hapa huimaliza yote kwenye mashine, halafu hutafuta wa kuifunga kwa kilichobaki mfukoni. Anayepatikana kwa bei hiyo huwa ni kishoka. Baada ya miezi michache utasikia wanasema AC za bei nafuu ni mbovu. Zipo mbovu kweli, lakini spliti (AC ya vipande viwili, kimoja ndani na kingine nje) ya bei nafuu iliyofungwa vizuri itaishi kuliko ya gharama iliyofungwa ovyo. Kwa hiyo katika mpangilio huu fundi anahesabiwa kuwa sehemu ya mashine.

Kabla ya yote, pima kama unaihitaji. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto la Mwanza si la Dar es Salaam. Anayekaa juu Isamilo au Capri Point, mwenye madirisha yanayopitisha upepo na nyavu nzima, pangaboi la wati 75 hivi linamtosha kulala. Kama nyumba ni bati tupu, piga dari kwanza, maana AC chini ya bati itakula LUKU mchana kutwa na chumba kisipoe. Wanaoihitaji kweli ni wenye duka la dawa, ofisi yenye mashine nyingi, nyumba ya wageni, au chumba cha mgonjwa kisichopata hewa.

Ya kwanza: spliti mpya ya inveta, BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) 9,000 au 12,000

Kompresa yake, yaani pampu inayosukuma gesi, haizimi na kuwaka kila mara. Hupunguza mwendo chumba kikishapoa. Inakula umeme pungufu, na ikiwaka haivuti kwa kishindo, jambo zuri kwa mitaa yenye umeme mdogo jioni. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinatosheka na 9,000, ambayo wauzaji huiita farasi moja. Sebule ya 4 kwa 5 inataka 12,000, yaani farasi moja na nusu. Usikubali kuuziwa kubwa kuliko chumba. Itapoza haraka na kukata kabla haijakausha hewa, na hapa kando ya ziwa utabaki na ubaridi wenye unyevu.

Piga hesabu ya umeme pia. Mashine inayovuta kilowati 1 kwa saa 8 kila siku ni uniti 240 kwa mwezi. Hata ikitumia nusu ya hapo, aliye kwenye tarifa ya D1 ya watumiaji wadogo, yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, ataivuka.

Udhaifu wa inveta ni kadi yake ya kielektroniki, ambayo huungua umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu. Nunua na kilinda umeme kinachosubiri dakika tatu kabla ya kuruhusu umeme kupita.

Ya pili: spliti mpya ya kawaida

Kwa chumba kinachotumika saa chache kwa siku, hii inafaa kabisa. Bei ni ya chini, na fundi yeyote aliyesomea ataitengeneza. Angalia mabomba yanayokuja nayo: nyingine za bei ya chini zina alumini, nayo ni ngumu kuiunga ikivuja. Dai shaba.

Ya tatu: spliti ya mtumba

Soma kibati cha ubavuni. Ikiandikwa R22, iache. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni na inaondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, kwa hiyo kuipata kutazidi kuwa kugumu. Tazama na volti, kwa sababu nyingi zilizotumika Japani ni za volti 100, na umeme wetu ni 230. Kama mabomba yamekaa wazi bila vizibo, unyevu umeshaingia kwenye kompresa.

Ya nne: AC ya magurudumu ya kusukuma, yenye bomba la dirishani

Inamfaa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta. Ina kelele, na nafasi ya hewa inayoitoa nje kwa bomba hilo moja huchukuliwa na hewa ya moto inayoingia chini ya mlango.

Ya mwisho: feni ya maji

Inapoza kwa kugeuza maji kuwa mvuke hewani. Dodoma ingesaidia. Hapa hewa imeshajaa maji ya ziwa, na kitu pekee kitakachoongezeka ni unyevu.

Kishoka anavyoiua AC

Kosa kubwa ni kuruka vakyumu, yaani kunyonya hewa yote kwenye mabomba kwa pampu kabla ya kufungulia gesi. Kishoka hufungua valvu kidogo, gesi isukume hewa itoke, kisha anakaza nati na kudai malipo. Hewa na unyevu vinabaki ndani, vinachanganyika na oili na kuwa asidi, na asidi inakula nyaya za kompresa. Mashine itapoza siku hiyo, ndiyo maana mteja hashtuki. Fundi wa kweli ana pampu na geji, na hafungui gesi mpaka geji ishuke chini ya maikroni 500 (kipimo cha hewa iliyobaki ndani) na kutulia hapo.

La pili ni kujaza gesi kila baada ya miezi mitatu. Gesi ya AC haiishi kama petroli ya bodaboda. Imepungua kwa sababu inavuja, na anayeongeza bila kutafuta tundu anakuuzia tundu lile lile kila mara. Gesi zenyewe pia hutofautiana: R410A ina presha kama mara 1.6 ya R22, kwa hiyo geji za zamani haziifai. R32 inaweza kushika moto. La hatari kuliko yote ni kupima uvujaji kwa mtungi wa oksijeni wa wachomeleaji: oksijeni ikikutana na oili ya kompresa inalipuka na kuua. Kipimo ni naitrojeni. Ukiuona mtungi wa oksijeni, simamisha kazi.

Umeme wa AC uwe na laini yake na breka yake, waya wa milimita za mraba 2.5 kwa AC ya BTU 12,000, na ethi. Si soketi ya ekstensheni iliyochomekwa friji. Laini hiyo ivutwe na mwenye leseni ya EWURA.

Halafu kuna mambo ya huku kwetu. Nyumba zetu zimejengwa katikati ya mawe, na mafundi hupenda kuuficha mtambo wa nje kati ya ukuta na jiwe, ambapo unavuta joto lake wenyewe. Upewe nafasi ya kupumua. Karibu na maji, wale wadudu wadogo wa ziwani hufuata taa usiku na kuziba mapezi ya mtambo huo, basi usiwekwe chini ya taa, na uoshwe kwa maji ya taratibu umeme ukiwa umezimwa.

Kumpata fundi, uliza chuo cha VETA kule Nyakato juu ya waliosomea majokofu na viyoyozi. Aonyeshe cheti na pampu kabla ya kupewa shilingi. Dukani chukua risiti ya EFD, na usome waranti: nyingi zinavunjika mashine ikifungwa na mtu asiyetambuliwa. Zuia sehemu ya malipo ya kufunga mpaka AC imefanya kazi siku kadhaa na maji yanatoka nje bila kudondoka ukutani.