Uzoefu wangu na Posta: vifurushi vizuri, sanduku la kawaida, na swali la nani alipie kaunta ya wilayani

Nauza vitabu kutoka Morogoro, vingi vya mitumba. Wateja wangu wakubwa ni walimu, na walimu wametawanyika kila kona yenye shule: Kibondo, Newala, Ngara, Mbamba Bay. Kwa hiyo naandika haya kama mtumiaji wa mara kwa mara wa Shirika la Posta Tanzania, si kama mchumi. Vifurushi na EMS, yaani huduma ya Posta ya kutuma kwa haraka, navipa nyota nne kati ya tano. Sanduku la barua kwangu limepata tatu. Kuhusu namna shirika lenyewe linavyotafuta hela na linavyosimamiwa, nyota hazitoshi kueleza, itabidi mnivumilie.

Kwanza kaunta. Unafika na boksi, karani analiweka kwenye mizani, anauliza ndani mna nini, anakutajia bei kulingana na uzito na umbali. Unajaza fomu: jina la mpokeaji, simu, mji. Unaondoka na risiti yenye namba. Mzigo wa EMS unaokwenda nje ya nchi unapewa namba inayoanza kwa herufi mbili, zinafuata tarakimu tisa, halafu TZ. Mpangilio huo ni wa Umoja wa Posta Duniani, ndiyo maana mteja wangu wa Muscat huifuatilia kwenye mfumo wa posta ya huko kwao bila kunisumbua. Diwani ya mashairi niliyoifunga mwenyewe kwa gazeti kuukuu na selotepu, niliposoma kwenye simu kwamba imepokelewa Oman, nilimwita mke wangu aje aone.

Zamani nilikuwa mtu wa mabasi, na bado sijaacha kabisa. Unakwenda stendi, unamkabidhi kijana wa vifurushi, anaandika namba ya simu kwa kalamu nene juu ya boksi, kesho yake mwenye mzigo anakwenda kuuchukua. Ni haraka, na kwa boksi kubwa hulipi sana. Kilichonisogeza Posta ni kiroba cha vitabu vya kiada kilichomfikia mwalimu kikiwa kimelowa chapachapa. Nilikwenda kwenye ofisi ile ya vifurushi (sitaitaja), wakanionyesha maandishi madogo nyuma ya risiti: kampuni haitahusika na upotevu wala uharibifu. Nikauliza, sasa nikamlalamikie nani? Kijana akacheka, wala si kwa ubaya: "Kaka, sisi ni basi tu."

Jibu hilo lilinikaa kichwani, maana kisheria si kweli. Kusafirisha vifurushi vya watu kwa malipo ni biashara ya leseni, na leseni hiyo hutolewa na TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Tena lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, kazi yake ikiwa kumsemea mteja. Watu wanalijua, kama wanalijua, kwa mambo ya bando kuisha usiku. Mtu aliyelowanishiwa vitabu hana habari kwamba na yeye anahusika. Nilipohamia Posta nilichonunua hasa ni risiti ambayo kuna mtu anawajibika nayo.

Nije kwenye sanduku. Nimelikodi kwa sababu fomu za nchi hii bado zinauliza S.L.P., na mfanyabiashara asiye nayo anaonekana kama wa kupita. Ndani yake huingia barua chache mno. Wazazi wetu walitumia sanduku la shule ya msingi au la misheni, barua ya mjomba inasomwa mstarini mbele ya mwalimu mkuu, na hapakuwa na njia nyingine. Leo bili ya umeme imemezwa na LUKU, umeme wa kulipia kabla. Bahasha za kaki za maombi ya kazi serikalini zimehamia Ajira Portal. Mani oda, yaani hela zilizotumwa kupitia posta, ilipata mshindani 2008 M-Pesa ilipoingia nchini, na anayekumbuka foleni ya kuchukua mani oda hawezi kumlaumu aliyehama. Nyota tatu za sanduku ni kwa sababu linafanya kazi yake. Ni kazi yenyewe iliyopungua.

Hapa ndipo historia inapoanza kuwa na maana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, tulirithi Posta na Simu kama kitu kimoja. Mwaka 1994 vikatenganishwa: simu zikaenda TTCL, barua zikabaki na Shirika la Posta, usimamizi ukapewa Tume ya Mawasiliano. Tume hiyo iliunganishwa na ile ya utangazaji kwa sheria ya 2003 na kuzaa TCRA. Benki ya Posta nayo ilikuwa imeshaanza kujitegemea 1992. Leo inaitwa TCB, benki ya biashara. Ukiutazama mgawanyo huo kwa jicho la mtu mwenye duka, simu zilizokuwa zinakua ziliondoka, akiba za watu ziliondoka, na Posta ikabaki na majengo pamoja na wajibu wa kufika kila mahali. Halafu tunashangaa kwa nini inahangaika.

Sikatai, wamejitahidi. Vituo vya Huduma Pamoja, ambapo taasisi kadhaa za serikali zinakaa chini ya paa moja ndani ya majengo ya Posta, ni wazo zuri. Kenya walilitangulia, Huduma Centre yao ya kwanza ilifunguliwa 2013 kwenye jengo la posta kuu la Nairobi. Jengo la posta liko katikati ya mji, watu wanalijua, lina ulinzi. Wasiwasi wangu ni mmoja: kukodisha madirisha kunasaidia jengo la mjini. Kaunta ya Kibondo kunaisaidia nini?

Na Kibondo ndiyo kesi yangu yote. Mwalimu wa huko akiagiza vitabu viwili vya kilo moja na nusu, nauli anayolipa haiwezi kutosha kuendesha ofisi, karani na gari. Pengo hilo lazima lifidiwe na faida ya Dar, Arusha na Mwanza. Lakini Dar, Arusha na Mwanza ndiko kila mwenye pikipiki, basi na ndege ya mizigo anakogombania wateja, na hakuna hata mmoja kati yao anayelazimishwa na sheria kwenda Kibondo. Ukiliambia shirika lijiendeshe kibiashara na papo hapo lifike kila wilaya, utapata mojawapo: ama bei ya mjini inapanda na wateja wanakimbia, ama ofisi za pembezoni zinakonda kimyakimya, siku moja imefunguliwa, siku moja karani yuko safari.

Ajabu ni kwamba tatizo hilihili tulishalitatua kwenye simu. Tuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya 2006. Mahali ambapo kampuni za simu zilikuwa hazipeleki mnara kwa sababu wateja ni wachache, mfuko unatangaza zabuni, kampuni zinashindana, mshindi anapewa ruzuku na anasaini kuujenga. Inajulikana mnara uko kata gani na nani kapewa kazi. Hakuna anayesema kampuni ya simu imekuwa ombaomba.

Mimi nataka kaunta ya Kibondo ilipiwe kama mnara. Iandikwe: ofisi hizi zisizo na faida, zifunguliwe siku hizi, zipokee na kutuma vifurushi kwa muda huu, kwa malipo haya ya mwaka. Mkataba uwe wazi, mtu yeyote ausome. Posta isiposhinda sehemu fulani, na akashinda mwingine mwenye uwezo, sawa, ilimradi mwalimu apate kitabu. Baada ya hapo huruma iishe: EMS, vifurushi vya mjini na upangishaji wa majengo vishindane sokoni kama wengine, bila kujificha nyuma ya maneno "huduma kwa umma".

Kuhusu usimamizi, macho yako mengi. Wizara ina sera, Msajili wa Hazina ndiye anayeangalia mali ya Serikali, TCRA ina leseni, CAG, yaani Mkaguzi Mkuu, anakagua hesabu. Kila mmoja ana swali lake. Swali langu mimi niliyesimama kaunta ni jepesi: vifurushi vilivyokwenda Kigoma mwezi uliopita, asilimia ngapi vilifika ndani ya muda ulioahidiwa? Namba hiyo nataka niione imebandikwa ukutani, karibu na orodha ya bei, na ya mabasi yenye leseni ibandikwe stendi pia.

Uingereza wanaiona. Oktoba 2025 Ofcom, msimamizi wa mawasiliano wa huko, iliipiga Royal Mail, posta yao, faini ya pauni milioni 21 kwa kuchelewesha barua: za daraja la kwanza zilizofika kwa wakati zilikuwa 77% wakati lengo ni 93%. Namba hizo zinaudhi, lakini angalau raia anazijua. Ila njia ya faini isiigwe hapa kama ilivyo. Royal Mail iliuzwa kwa watu binafsi kuanzia 2013, kwa hiyo faini inamuuma mwenye mali. Kulitoza faini shirika la umma ni kutoa hela mfuko wa kulia na kuitia wa kushoto. Afadhali matokeo hayo yafungwe kwenye mikataba ya wakubwa wa shirika, asilimia ikishuka miaka miwili mfululizo apishe mwingine.

Denmark wao walikwenda mbali zaidi. Sheria mpya ya 2024 iliondoa wajibu wa kufikisha barua kila mahali, na tarehe 30 Desemba 2025 PostNord, posta yao, ikagawa barua yake ya mwisho nchini humo, baada ya kazi iliyoanza 1624. Masanduku mekundu 1,500 yaliondolewa mitaani, na barua zilizobaki zinabebwa na kampuni nyingine. Wapo hapa wanaoishangilia habari hiyo. Lakini Mdenmaki anapokea barua za serikali kwenye kisanduku cha kidijitali, na nyumba yake ina namba ambayo kila dereva anaijua.

Sisi namba tunazo, ndiyo inayoniuma. Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022, kabla ya Sensa, ilisimamisha nguzo zenye majina ya mitaa na kubandika namba milangoni, na postikodi ya tarakimu tano ipo kwa kila kata. Hata hivyo mteja wangu wa Newala bado ananiandikia: nyumba ya pili baada ya msikiti, geti la bluu, ukipotea muulize Mama Salma wa genge. Mzigo wake unaishia ofisi ya Posta, naye anaufuata huko. Posta ikiingia mkataba na bodaboda wa kila mji, wenye vizibao na namba, ikawapa kilomita za mwisho na kutumia zile anwani, nitaongeza nyota ya tano sijamaliza kusoma tangazo. Shirika linajua tayari kupokea, kupanga na kusafirisha. Mlangoni ndipo wengine wanapoipita.

Kwa anayeanza kutuma: vitabu na nguo nzito hadi kama kilo mbili, peleka Posta. Boksi kubwa la kilo ishirini linalotakiwa kesho, basi bado ni nafuu, ila lifunge kwa nailoni kwanza, upige picha kabla hujaliacha, na uulize kama wana leseni. Andika simu mbili za mpokeaji, maana moja huwa haipatikani. Na ukituma kwenye wilaya ndogo, muulize karani gari linatoka siku gani. Ukipeleka mzigo asubuhi ya siku hiyo unaokoa siku kadhaa kwa bei ileile.