Steshenari, boksi au vitabu vitatu: ununue nini kwanza ili uanze kuendesha michezo ya kuigiza ya mezani

Mtu akitaka kuanza michezo hii, ile ambayo mmoja anasimulia ulimwengu wa majoka na mapango, wenzake wanasema mashujaa wao wanafanya nini, na dadu inaamua, karibu kila mara huambiwa anunue vitabu vitatu vikubwa vya Dungeons & Dragons. Mimi naviweka mwisho kabisa. Tangu Gary Gygax na Dave Arneson watoe mchezo huo Marekani mwaka 1974, njia za kuingilia zimekuwa nyingi, na baadhi hazina gharama yoyote.

Orodha hii nimeipanga kwa kipimo kimoja. Mwendesha mchezo ambaye hajawahi kuendesha, akishapata kitu mkononi, atachukua muda gani hadi wenzake warushe dadu? Wachezaji hawalazimiki kununua chochote. Mzigo wote unamwangukia yeye, kwa hiyo pesa iende kumpunguzia huo mzigo.

Dadu utazihitaji kwa vyovyote vile. Seti ya kawaida ina 7: ya pande 4, ya 6, ya 8, mbili za 10 (moja imeandikwa 00, 10, 20 hadi 90, kwa ajili ya kupata asilimia), ya 12 na ya 20. Seti mbili zinaitosha meza ya watu watano. Angalia namba kabla hujaangalia rangi. Dadu ya zambarau yenye namba za dhahabu hupendeza kwenye picha, lakini usiku chini ya taa ya sebuleni kila mtu anainama kuuliza imetoka ngapi. Za chuma ni nzuri kushika, ila zinaumiza meza ya mbao, basi tandika kitambaa. Ukishuku kwamba dadu ya plastiki inaegemea upande mmoja, koroga chumvi kwenye glasi ya maji mpaka dadu ielee, kisha iguseguse kwa kidole. Namba ileile ikirudi juu kila mara, uzito wake haukukaa sawa, iweke pembeni.

Nafasi ya kwanza naipa Cairn, mchezo wa Yochai Gal uliotoka mwaka 2020. Toleo lile la kwanza lina kurasa 24, linapatikana bure mtandaoni kama PDF, na gharama yako ni ya kuprinti na kubana pale steshenari. Mhusika ana sifa tatu tu: nguvu, wepesi na utashi. Shambulio halikosi, unarusha dadu ya madhara moja kwa moja. Tuseme adui amekupiga upanga, dadu ya pande 8 imetoka 6. Vazi lako la kinga linapunguza 1, zinabaki 5. Kinga yako ya mwili ilikuwa 3, imekwisha, na 2 zilizobaki zinakatwa kwenye nguvu zako zenyewe. Hapo unarusha ya pande 20, na ikipita kiasi cha nguvu ulizobaki nazo, uko chini, unahitaji wenzako wakuokoe. Hesabu yote inaisha kabla mtu hajamaliza kumeza chai, na kila aliyepo mezani anaelewa kwa nini sasa kukimbia ni busara.

Nafasi za mizigo nazo ni 10 tu. Anayetamka uganga kutoka kwenye kitabu chake anapata uchovu, na uchovu huo unakalia nafasi moja ya mzigo. Mganga aliyebeba kamba, taa na hazina atalazimika kutupa kitu. Kanuni hiyo moja imezaa mabishano matamu kuliko kurasa nyingi za vitabu vizito.

Kuna sababu nyingine kwa msomaji wa Kiswahili. Leseni yake ya Creative Commons inaruhusu mtu yeyote kunakili, kutafsiri na kugawa, mradi amtaje mwandishi na aachie kazi yake kwa masharti yaleyale. Kurasa 24 mtu mmoja anaweza kuzisoma kwa Kiingereza na kuuendesha mchezo mzima kwa Kiswahili, hata wenzake wasishike kitabu kabisa. Upungufu wake ni kwamba hakikushiki mkono hatua kwa hatua. Utatafuta kisa mwenyewe, na mtandaoni viko vingi vya bure.

Kama unahitaji kushikwa mkono, na una ndugu anayerudi kutoka nje mwenye nafasi kwenye begi, nafasi ya pili ni Pathfinder Beginner Box ya kampuni ya Paizo, ya mwaka 2020. Ndilo boksi linalofundisha vizuri kuliko yote niliyowahi kuyafungua. Kitabu cha mchezaji kinaanza na kisa cha kucheza peke yako, na cha mwendesha mchezo kina safari ya chini ya mji wa kubuni wa Otari ambamo karibu kila chumba kinaleta kanuni moja mpya. Ndani mna dadu, ramani ya pande mbili, wahusika wanne waliokwisha kuandaliwa na vipande zaidi ya 100 vya kadibodi vya mashujaa na mazimwi. Kila zamu una vitendo vitatu: sogea, piga, inua ngao, au piga mara mbili ukijua dadu ya pigo la pili inakatwa 5. Wanaopenda kupanga mikakati watalipenda. Wasiopenda hesabu watachoka mapema kidogo.

Heroes of the Borderlands, boksi la kuanzia la Dungeons & Dragons lililotoka mwaka 2025, naliweka la tatu. Kadi na vibao vya wahusika vinaondoa kuandikaandika, na kisa kimegawanywa vijitabu vitatu, kwa hiyo watu tofauti wanaweza kupokezana kuendesha. Hilo ni jambo kubwa kwa kundi lenye mtu mmoja anayeendesha kila wiki hadi anachoka. Linaishia wahusika wakifika ngazi ya 3 ya uwezo, na ni hapo ndipo watu huwa wamenogewa.

Huna kundi? Chukua Ironsworn ya Shawn Tomkin. PDF yake ni bure, na imetengenezwa uweze kucheza peke yako au wawili bila mwendesha mchezo. Unarusha dadu ya pande 6 pamoja na mbili za 10. Naiweka ya nne kwa sababu tu mwongozo huu ni wa anayetaka kuendesha. Kwa mtu aliye mbali na wenzake ningeipandisha hadi ya kwanza.

Vitabu vitatu vikubwa ndiyo ya tano: cha mchezaji (2024), cha mwendesha mchezo (2024) na cha mazimwi (2025). Kila kimoja kina kurasa 384, jalada gumu, na bei iliyotangazwa Marekani vilipotoka ilikuwa dola 49.99. Hiyo ni karibu dola 150 kabla ya usafirishaji na ushuru, na uzito wake utauona kwenye gharama ya kutuma. Ni vitabu vizuri. Tatizo ni kwamba mwanzoni hutatumia hata robo yake. Pakua kwanza hati ya msingi ya kanuni, SRD 5.2, ambayo ni bure na ina kanuni, uganga na mazimwi ya kutosha miezi mingi. Ikikubana, nunua cha mchezaji peke yake, kisha cha mazimwi.

Vinyago vya mashujaa usivinunue bado. Visoda vilivyobandikwa karatasi yenye jina vinakaa vizuri kwenye ramani ya miraba, na kila mchezaji akachore cha kwake.